Mtawala, Mwangalizi au Ndugu? Imani na Deni Letu kwa Dunia

Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1968, wanaanga watatu wa Apollo 8, Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders, walikuwa wakiuzunguka mwezi huku mamilioni ya watu wakiwatazama kwenye televisheni. Walipopewa nafasi ya kusema, walipokezana kusoma kitabu cha Mwanzo: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Siku hiyohiyo Anders alikuwa amepiga ile picha maarufu ya dunia ikichomoza juu ya ukingo wa mwezi, buluu yake peke yake katika weusi mtupu. Usomaji wao uliishia aya ya 10. Wangeendelea kidogo tu wangefika aya ya 28, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Aya hiyo inamwambia mwanadamu aijaze nchi "na kuitiisha", atawale samaki wa baharini, ndege wa angani na kila kiumbe kiendacho juu ya nchi. Machi 1967, mwanahistoria Mmarekani Lynn White alikuwa amechapisha katika jarida la Science makala fupi yenye shutuma nzito. Alidai kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira imo katika namna Ukristo wa Magharibi ulivyomfundisha mtu kwamba viumbe vingine vipo kwa ajili ya kumtumikia yeye. White alikuwa bingwa wa teknolojia ya Zama za Kati, na ushahidi wake mmoja ulikuwa jembe: plau nzito ya kukokotwa na ng'ombe wengi, iliyoenea Ulaya ya kaskazini na kumfanya mkulima aipasue ardhi badala ya kuikwaruza. Kwa maoni yake, watu waliokubali kuishughulikia ardhi kwa nguvu kiasi hicho walikuwa na fikra fulani vichwani kuhusu nafasi yao duniani.

Makala hayo yalizua kelele ambazo hazijanyamaza hadi leo. Wengi wanaoyataja husahau kwamba White mwenyewe alikuwa Mkristo na hakusema dini itupwe. Alisema ugonjwa ukiwa na mizizi ya kidini, dawa nayo haina budi kuwa ya kidini, akampendekeza Fransisko wa Assisi, mtawa wa Zama za Kati, awe mtakatifu msimamizi wa wanaikolojia, yaani wataalamu wa uhusiano wa viumbe na mazingira yao. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza rasmi kuwa hivyo.

Hoja ya White ina mapengo. Bahari ya Aral ilianza kukauka miaka ya 1960 kwa sababu wapangaji wa Kisovieti waliamua kuyageuza maji ya mito yake yakamwagilie pamba, na watu hao hawakuwa wakichukua maagizo kutoka kitabu cha Mwanzo. Tamaa haihitaji aya. Lakini swali alilouliza lilibaki, nalo ndilo kiini cha kile kinachoitwa tasaufi ya ikolojia, yaani uhusiano wa kiroho wa mtu na mazingira yake: mtu anayeamini kwamba dunia haikujitokea tu, je, anaishi nayo vipi? Yeye ni nani mbele ya mto, msitu na nyuki? Kuna majibu matatu makubwa, na mkanganyiko mwingi hutokea watu wanapoyachanganya bila kujua.

Jibu la kwanza ni utawala, na leo ni vigumu kupata kiongozi wa dini anayelitetea hadharani kwa maana yake ya ukali. Katika waraka wake wa Laudato Si', uliotolewa Juni 2015, Papa Fransisko alisema wazi kwamba kuisoma aya ya 28 kama kibali cha kunyonya viumbe si tafsiri sahihi ya Biblia, na kwamba aya hiyo isomwe pamoja na sura ya pili, ambapo mtu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Tukumbuke pia aya hizo ziliandikwa kwa ajili ya nani. Ziliwafikia wakulima na wafugaji waliokuwa wakihangaika na ukame, nzige na simba. Leo, kwa makadirio ya utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ukipima uzito wa mamalia wote duniani, mifugo ni kama asilimia 60, binadamu asilimia 36, na wanyama wote wa porini, kuanzia tembo na nyangumi hadi panya, ni asilimia 4 tu. Kutiisha kulikwisha zamani. Aya ile ile mkononi mwa mtu mwenye nguvu za namna hii ni kitu kingine kabisa.

Jibu la pili ni uangalizi, na ndilo linalotawala mahubiri na khutba nyingi siku hizi. Dunia si yetu, tumekabidhiwa. Walawi 25 inaamuru shamba lipumzike kila mwaka wa saba, na sura hiyohiyo inasema bila kuzungusha: nchi ni ya Mungu, ninyi ni wageni ndani yake. Kumbukumbu la Torati 20 inakataza jeshi linalouzingira mji kukata miti ya matunda, na kutokana na katazo hilo la vitani marabi walijenga sheria pana dhidi ya kuharibu chochote bila sababu. Katika Uislamu mwanadamu ni khalifa, yaani mwakilishi wa Mungu duniani, lakini tazama mazingira ya cheo hicho. Katika Sura ya Al-Baqara, malaika wanapoambiwa kwamba atawekwa khalifa duniani, wanauliza papo hapo: utamweka humo atakayefanya uharibifu na kumwaga damu? Na katika Al-Ahzab, amana inatolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vinakataa kwa kuogopa. Mwanadamu anaibeba, na aya inamalizia kwa kumwita dhalimu mjinga. Anayetumia ukhalifa kama sifa ya kujivunia hajaisoma aya hadi mwisho.

Nguvu ya jibu hili ni kwamba lina siku ya hesabu. Udhaifu wake ni kwamba mlinzi wa nyumba ya mtu, mwenye nyumba akikawia sana kurudi, huanza kulala chumba kikubwa. Lugha ya uangalizi inaweza kubaki midomoni huku maamuzi yote yakifanywa kama ya mmiliki. Kampuni inayochimba mlima nayo hujiita mwangalizi wa rasilimali.

Ndipo linapoingia jibu la tatu: udugu. Fransisko wa Assisi, katika utenzi aliotunga akiwa mgonjwa na karibu kipofu, mwaka mmoja hivi kabla ya kifo chake mwaka 1226, alimwita jua kaka, maji dada, na dunia dada yetu na mama yetu. Kurani inasema katika Al-An'am kwamba hakuna mnyama ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma kama nyinyi. Hapa waumini wengi husita, na hofu yao si ya kupuuzwa: je, huku si kuabudu viumbe? Jibu limo katika matini hizohizo. Zaburi ya 148 inaliita jua, theluji, miti ya matunda na wanyama wamsifu Bwana. Sura ya Al-Israa inasema hakuna kitu ila kinamsabihi Mola, ila nyinyi hamfahamu tasbihi yake. Kiumbe hapa ni mwabudu mwenzako. Ukimpa nafasi hiyo hujamfanya mungu, lakini pia huwezi tena kumwona kama ghala la mbao.

Wamaori, wenyeji wa asili, wa mto Whanganui, New Zealand, wana usemi unaobeba udugu huo hadi mwisho: "Mimi ni mto, na mto ni mimi." Kwa zaidi ya karne moja walipeleka maombi na kesi kuudai mto wao, na Machi 2017 bunge lilipitisha sheria inayoutambua kuwa nafsi ya kisheria, yaani wenye haki mbele ya sheria kama mtu, kitu kimoja kilicho hai kuanzia milimani hadi baharini, pamoja na vyote vyake vinavyoonekana na visivyoonekana. Ni nadra kukuta wanasheria wa serikali wakiandika maneno ya namna hiyo. Lakini walioandika sheria ile hawakuishia kwenye ushairi. Waliteua walinzi wawili wa kusema kwa niaba ya mto, mmoja wa serikali na mmoja wa jamii zenye mto, na kukatengwa mfuko wa dola milioni 30 za New Zealand kwa ajili ya afya yake.

Siku chache baadaye, mahakama kuu ya jimbo la Uttarakhand nchini India nayo ikatangaza kwamba mito ya Ganga na Yamuna ni nafsi za kisheria. Kufikia Julai Mahakama ya Juu ilikuwa imeusimamisha uamuzi huo. Serikali ya jimbo ilikuwa imeuliza maswali ya kawaida kabisa: mto unapita majimbo kadhaa, nani hasa ni mlezi wake, na ukifurika ukaua watu, nani atashtakiwa?

Mto Ganga unastahili tuutazame kwa karibu, kwa sababu unavunja dhana moja inayopendwa sana, kwamba watu wakiona kitu ni kitakatifu watakitunza. Hakuna mto duniani unaoheshimiwa kuliko huu. Kwa mamia ya mamilioni ya Wahindu ni mungu wa kike, mama anayeosha dhambi. Na ni miongoni mwa mito mikubwa iliyochafuliwa vibaya. Maji taka ya miji huingia bila kusafishwa, na viwanda vya ngozi vya Kanpur vimekuwa vikimwaga kromiamu, metali inayoweza kuwa sumu, kwa miongo mingi. Sehemu ya fumbo ni hii: utakatifu na usafi wa maji ni mambo mawili tofauti katika akili ya mwabudu. Mama Ganga hawezi kunajisika. Yeye ndiye anayetakasa. Ukimwambia mtu kwamba mto ni mchafu, anaweza kusikia kama umemtukana mungu wake. Kwa hiyo imani ileile inayomleta mtoni alfajiri inaweza kumzuia asione bomba lililo hatua chache kutoka alipo.

Aliyelielewa fumbo hili kwa undani alikuwa Veer Bhadra Mishra, mkuu wa hekalu la Sankat Mochan huko Varanasi, ambaye wakati huohuo alikuwa profesa wa uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Banaras Hindu. Alioga mtoni kila asubuhi kama wajibu wa dini yake, na alijua ndani ya maji hayo kuna nini, kwa maana mwaka 1982 alianzisha taasisi ambayo baadaye ilifungua maabara karibu na ngazi za kuogea. Maabara hiyo ilihesabu bakteria wa kinyesi, na idadi ilipita mara nyingi sana kiwango kinachoruhusiwa kwa maji ya kuoga. Serikali ilipozindua mpango wa kuusafisha mto mwaka 1986, ulitegemea pampu za umeme kusukuma maji taka. Umeme ukikatika pampu zinasimama na uchafu unarudi mtoni, na Varanasi umeme ulikuwa ukikatika kila mara. Mishra akapendekeza mfumo wa mabwawa unaotumia mteremko wa ardhi, jua na mwani badala ya pampu. Alifariki mwaka 2013 bila kuuona mpango huo ukikamilika. Hakutaka watu wapunguze ibada ili waanze kupima maji, wala hakukubali ibada iwe kisingizio cha kutopima. Kwangu mimi, maisha yake yanafafanua somo hili kuliko matamko yote ya mikutano ya dini mbalimbali, ambayo ni mengi na mara nyingi yanafanana.

Upande mwingine wa sarafu uko katika nyanda za juu za Ethiopia kaskazini. Ukitazama picha za angani za eneo la Gondar Kusini utaona mashamba ya rangi ya kahawia yakienea kila upande, na juu yake vidoa vya kijani vya mviringo. Katikati ya kila kidoa kuna kanisa la Kiorthodoksi. Misitu ya asili ya eneo hilo karibu yote imekwisha kwa kilimo, malisho na kuni. Iliyobaki ni ile iliyozunguka makanisa, mingine hekta chache tu, yenye mitarakwa, mizeituni mwitu na ndege ambao hawana tena pa kwenda. Waumini wanaamini kanisa linahitaji msitu wake kama vazi, na kwamba mahali hapo ni kivuli cha bustani ya Edeni. Hakuna askari wa wanyamapori aliyeilinda. Imani ilifanya, kwa karne nyingi, kazi ambayo idara nyingi za misitu zimeshindwa kuifanya.

Lakini mtafiti Alemayehu Wassie Eshetu alipoingia ndani ya misitu hiyo na kutazama chini badala ya juu, alikuta tatizo. Miti mikubwa ilikuwepo, miche haikuwepo. Hakuna aliyethubutu kuingia na shoka, lakini ng'ombe hawajui mpaka wa patakatifu. Walikula miche na kukanyaga mbegu, kiasi kwamba msitu ulikuwa ukizeeka bila kuzaa. Kwa macho ulionekana salama, na huenda makuhani waliona hivyo pia. Wassie, pamoja na mtaalamu wa misitu kutoka Marekani Margaret Lowman, walikaa na makuhani na kuwaonyesha picha hizo za angani, jinsi kijani kilivyokuwa kikipungua. Jibu lililopatikana lilikuwa ukuta wa mawe, uliojengwa na waumini wenyewe. Mawe yaliokotwa mashambani, jambo lililowafaa wakulima kwa sababu plau hupita vizuri shamba likiwa halina mawe. Ng'ombe walipozuiwa, miche ikaanza kuchomoza.

Ukiiweka mifano hii miwili pamoja, tasaufi ya ikolojia inapata umbo. Inaweza kumpa mtu kitu ambacho takwimu haziwezi: sababu ya kusema "hapa sifiki" hata pale ambapo hakuna anayemwona na faida iko mkononi. Haiwezi kumwambia kuna bakteria wangapi majini, wala kwamba miche haioti. Kwa hilo anahitaji hadubini na mtu wa kuhesabu. Wangari Maathai, mwanabiolojia Mkenya aliyeanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliishi kwenye makutano hayo. Utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo, aina ya mtini pori, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye, akiwa mwanasayansi, alitambua kwamba mizizi yake ya kina ilikuwa ikishikilia udongo wa mteremko na kuyasaidia maji ya chini ya ardhi kutokea juu. Mti ulipokatwa, kijito alichochezea kilikauka. Waliouita mtakatifu hawakuwa na istilahi za hidrolojia, sayansi ya maji, ila walikuwa na katazo, na katazo lilifanya kazi.

Bado kuna fundo moja, na ndilo linaloniudhi zaidi katika maandishi mengi juu ya mada hii: neno "mwanadamu". Mwanadamu ameharibu dunia, mwanadamu atubu. Mwanadamu yupi? Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayozalishwa duniani kila mwaka, ilhali nchi za G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, zinatoa zaidi ya robo tatu ya gesi zote zinazoongeza joto. Toba ya jumla ina hatari hii: inamgawia mkulima anayepoteza mazao kwa ukame dhambi sawa na ya mtu aliyejenga utajiri wake juu ya makaa ya mawe. Azimio la Rio la mwaka 1992 lilitambua kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani. Laudato Si' nayo inasisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja. Patriaki Bartholomayo wa Konstantinopoli, kiongozi wa heshima wa Wakristo wa Kiorthodoksi, alikwenda mbali zaidi mwaka 1997 alipotamka kwamba kuharibu uumbaji ni dhambi, kuchafua maji, udongo na hewa ni dhambi. Kauli hiyo ni muhimu kwa sababu dhambi ina mtenda. Huwezi kuungama kwa niaba ya karne ya ishirini. Unaungama ulichofanya wewe, na katika mapokeo karibu yote ya dini, aliyeiba hasamehewi akiwa bado ameshika alichoiba. Neno "fidia" linalozungumzwa kwa tahadhari nyingi kwenye mikutano ya tabianchi si geni kabisa kwa mafundisho ya dini.

Kuna pia suala la kukata tamaa, ambalo wanasayansi wengi hulibeba kimyakimya. Takwimu zikiwa mbaya kiasi hiki, kwa nini mtu ahangaike? Ipo hadithi ya Mtume Muhammad isemayo kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda na aupande. Nani atakula matunda ya mti huo? Hakuna. Amri haikufungwa na matokeo. Hii ni tofauti na matumaini ya kwamba mambo yatakuwa mazuri, na nadhani inadumu zaidi, maana matumaini ya aina hiyo huisha kila ripoti mpya inapotoka.

Hata hivyo taasisi za dini haziwezi kuishia kwenye miche. Zinamiliki ardhi, shule, hospitali, majengo na akiba za pensheni, na mahali fedha zao zilipo panasema zaidi ya mimbari. Kanisa la Uingereza lilikaa miaka kadhaa likiwa mwanahisa katika kampuni kubwa za mafuta, likitumia kura zake kuzishinikiza zibadilike. Kwa muda mrefu wanaharakati walililaumu kwa kuchelewa, nalo likajibu kwamba anayetoka chumbani hana tena sauti chumbani. Juni 2023 mifuko yake mikuu ya uwekezaji ilitangaza kuziacha kampuni zote kubwa za mafuta na gesi zilizokuwa zimebaki, kwa maelezo kwamba hakuna hata moja iliyokuwa na mipango inayolingana na lengo la kuzuia joto lisizidi nyuzi 1.5. Waliopinga walisema hisa hizo zitanunuliwa na mtu mwingine na mafuta yataendelea kuchimbwa. Hilo ni kweli. Ila hata mkristo wa Gondar akikataa kukata mti wa kanisa, shoka la jirani halikomi kukata kwingine.